Daktari wa kansa si wa dripu tu

Kuna habari nimesoma imeandika kama vile daktari wa kansa kazi yake ni kukutundikia dripu ya kemo, yaani dawa za kuua kansa, basi, hapana jamani. Mi nilimleta shangazi yangu kutoka Arua mpaka hospitali ya Mulago, Kampala, hapa Uganda, kwa basi la usiku, kansa ya mlango wa kizazi, na hapo ndo nikajua hawa watu ni timu, kuna wa maabara anayeangalia kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kwenye hadubini aseme ni kansa gani, kuna wa upasuaji, kuna wa dawa anayepima damu kabla ya kila kemo maana chembe nyeupe zikishuka sana anaahirisha, halafu wa mionzi, huyu anapiga hesabu ili mionzi ichome uvimbe isiunguze kibofu na utumbo. Shangazi alipewa kemo na mionzi pamoja, mionzi Jumatatu mpaka Ijumaa wiki nyingi.

Na mnakumbuka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini ilipokufa, mpya ikaanza kazi mwishoni mwa 2017? Madaktari walikuwepo lakini watafanya nini na mikono mitupu!

Kinachoniuma mpaka leo ni kliniki moja huko kwetu, miezi sita wanampa vidonge vya infeksheni na damu inatoka tu, hakuna hata mmoja aliyemchungulia mlango wa kizazi. Mama zangu, damu ikitoka baada ya kukoma hedhi msikubali vidonge tu, mdai kupimwa.

Shangazi anaendelea vizuri, anarudi kuonwa kila miezi mitatu, nauli ndo inatutesa.