Mtoto Akilazwa, Nani Huuliza Hali ya Nyumbani?

Katika hospitali nyingi za watoto hapa Marekani, mzazi ambaye mtoto wake amelazwa huulizwa maswali ambayo nyumbani Tanzania sikuwahi kuyasikia wodini: kama ana usafiri, kama kodi ya nyumba imelipwa, na watoto waliobaki wanaangaliwa na nani. Kuhusu chakula, huulizwa kama katika miezi 12 iliyopita familia ilihofia chakula kuisha kabla ya kupata fedha, au kiliisha kweli wakakosa za kununua kingine. Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hii kilipendekeza maswali hayo mawili mwaka 2015, na uzuri wake, kwa maoni yangu, ni kwamba huulizwa kila mzazi, hivyo hakuna anayehisi kunyoshewa kidole kwa sababu ya mavazi yake.

Kwetu kazi hiyo ni ya afisa ustawi wa jamii, lakini mara nyingi familia humfikia pale gharama zinapoishinda, mtoto akiwa karibu kuruhusiwa. Kufikia hapo, mama anayemuuguza huenda ameshapoteza kibarua. Ndugu wanaokuja kumjulia hali huyajua hayo kuliko daktari, ila hakuna anayewauliza.

Hata hivyo, nisingependa tuige fomu za huku kama zilivyo. Mzazi akiulizwa kwa sauti mbele ya vitanda vya wengine, atajibu kwamba hana shida. Wapo pia wanaohofia kwamba wakikiri kukosa chakula wataonekana wazembe na kunyang'anywa watoto, na sisi wahamiaji tunaijua vizuri hofu hiyo. Tena, kuwa na shida ni jambo moja na kutaka hospitali iitatue ni jingine, ingawa fomu nyingi huishia kwenye lile la kwanza. Kibaya zaidi ni kuuliza pasipo na cha kutoa: mzazi aliyefichua umaskini wake akaambulia karatasi yenye namba za simu ana haki ya kuudhika.

Ningependa muuguzi anayempokea mtoto aulize faraghani, mapema, nani amebaki na wengine, nauli ya kurudi kliniki itatoka wapi, na kama mzazi angependa kuonana na afisa ustawi. Majibu yawekwe kwenye faili, ili daktari asimpangie kurudi kila wiki mtu asiye na nauli.