Paa wa Bacolod

Haya, ile video yangu ya kibanda cha kuku mmeshaiona. Yule bwana wa Tanga, baharia mwenzangu, keshaimwaga kwenye kila kundi, mpaka mama mkwe wangu kapiga simu usiku kuuliza kama nimepagawa. Sijapagawa. Nilikuwa naagiza chakula.

Tuko Bacolod, Ufilipino, kwao serahangi wetu, mkubwa wa mabaharia melini, ambaye tangu tung'oe nanga Durban ana hadithi moja tu: inasal, kuku wa kuchoma wa kwao. Haya, tumefika kibandani. Moshi wa mkaa umetanda, kuku wamechomekwa vijiti vya mianzi, wanapakwa mafuta ya rangi ya machungwa kwa brashi. Nauliza rangi ile ya nini, naoneshwa mbegu: zingefuri! Zile zile tunazowapaka watalii midomoni kule mashambani Unguja. Hapo nikajiona mwenyeji, na ndipo balaa lilipoanzia.

Serahangi kaenda msalani. Nikainua macho ubaoni. PECHO. PAKPAK. ISOL. Na juu kabisa: PAA.

Jamani, mngekuwa nyie mngefanyaje? Kiswahili kitupu, tena kwa bei ya kutupa! Nikamwambia wa Tanga, "Hawa watu wanachoma paa!" Akanijibu, "Agiza wawili." (Sehemu hiyo kwenye video kaiondoa. Mjue.)

Dada akaleta mapaja ya kuku.

Nikasema hapana, paa. Akaonesha sahani: "Paa." Nami nikaonesha sahani: "Kuku!" Akatabasamu vile watu wanavyomtabasamia mgonjwa.

Sasa hapa twende polepole, maana ndipo heshima yangu ilipozama. Nikasukuma kiti nyuma. Nikasimama. Nikainua mikono, kidole kimoja huku, kimoja huku, juu ya masikio. Dada akajaribu: "Kanding?" Sikujua kanding ndiye mbuzi wao, nikatikisa kichwa, na pembe zikatikisika nazo. Nikaona bado haelewi. Basi nikaruka. Paa si anaruka? Mruko wa kwanza, meza ya jirani wakaacha kula. Wa pili nikautia madaha, mguu mmoja nyuma. Kuna mtoto alikuwa na tonge la wali mdomoni, likabaki hapo hapo halitafunwi halimezwi. Wa tatu ndio ulionitua mbele ya serahangi, anatoka msalani, anajifuta mikono.

Dada ndiye aliyepata dawa. Akainua mguu kidogo, akajipiga paja mbele ya kadamnasi: "Paa! Paa!"

Paja. Kwao paa ni paja. Nilitamani nipae kweli, nitoboe bati, nipotelee huko.

Nikakaa, nikala. Na nyie mnaocheka, kuku yule kalowekwa siki, tangawizi, thomu, mchaichai na maji ya kalamansi, vile vindimu vyao vidogo kama gololi, halafu wali wake unamwagiwa mafuta ya kuku, unakula kwa mkono. Aibu yenyewe ikawa inateremka vizuri. Nikalipia meza nzima kwa amri ya serahangi, tukaondoka.

Jana nimerudi peke yangu, kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi. Dada hakuniuliza kitu. Akaweka vidole viwili kichwani, akaita wapishi, na wote watatu wakanijibu kwa pembe.