Saa za Kuruka Hazitoshi

Asubuhi moja katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, nilimtazama fundi akisafisha kipuri cha kichwa cha rafadha ya helikopta. Alikipaka rangi nyekundu ya kufichua nyufa, akaipangusa, akapulizia unga mweupe, kisha akainama na tochi akisubiri mstari mwekundu ujitokeze. Haukujitokeza. Akaandika daftarini saa ambazo kipuri hicho kimeruka, maana saa hizo ndizo zitakazoamua siku ya kukitupa.

Mimi naona saa peke yake zinatudanganya. Chuma huchoshwa na mikazo inayojirudia, na saa moja ya kuruka moja kwa moja hadi Maasai Mara hailingani na saa moja ya kupaa na kutua mara kumi ukiwa na mzigo. Tena Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na rafadha hufanya kazi zaidi kuinua uzito uleule.

Ndiyo maana napenda mbinu ya kuifundisha kompyuta kukadiria uchovu huo wa chuma. Kwa kuwa ni vigumu kupima mkazo kwenye sehemu zinazozunguka, vihisi hufungwa katika helikopta chache za majaribio, na programu hujifunza kuhusisha mkazo huo na data ya kawaida ya safari, kama vile kasi, mwinuko, nguvu ya injini na mwendo wa usukani. Baadaye hukadiria mkazo wa helikopta isiyo na vihisi hivyo, na uchovu hujumlishwa kwa kila mzunguko wa mkazo, kwa kanuni iliyoenezwa na mhandisi Miner mwaka 1945.

Hata hivyo, tarehe 29 Aprili 2016, karibu na Turøy nchini Norwei, gia ndani ya giaboksi kuu ya helikopta aina ya H225 ilivunjika kwa uchovu, rafadha ikang'oka na watu 13 wakafa. Ufa ulikuwa umekua chini ya uso wa chuma bila mifumo ya tahadhari kuutambua. Kwa hiyo nashikilia kwamba, kwa sasa, makadirio ya programu yaruhusiwe kufupisha uhai wa kipuri, kamwe yasiurefushe.

Na programu iliyofunzwa kwa safari za baharini kule Ulaya haijaonja joto na vumbi letu. Nawasihi wenye helikopta hapa Wilson wanakili data ya kila safari kabla kinasa-data cha helikopta hakijaandika safari mpya juu yake, ili programu ijifunze mazingira yetu.