Namba Moja za Miaka ya Tisini na Wimbo Ambao Haukuhesabiwa

Mtu anapoandaa orodha ya nyimbo kubwa za pop za miaka ya tisini, mara nyingi huifungua chati ya Hot 100 ya jarida la Billboard la Marekani, akahesabu kila wimbo ulikaa wiki ngapi kileleni, kisha akazipanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nimesoma orodha nyingi za namna hiyo, na karibu kila ninapofika mwisho hujiuliza wimbo wa "Don't Speak" wa kundi la No Doubt umekwenda wapi. Wimbo ule ulipigwa redioni hadi watu tusiojua Kiingereza vizuri tukawa tunauimba kwa maneno ya kubuni. Hata hivyo, haukushika namba moja katika Hot 100, wala namba kumi, wala namba mia; haukuingia kabisa.

Sababu yake ni kanuni. Hot 100 ilikuwa ikijumlisha mambo mawili: mauzo ya singo madukani, yaani wimbo mmoja unaouzwa peke yake bila albamu, na idadi ya mara ambazo wimbo umepigwa redioni. Hadi tarehe 5 Desemba 1998, wimbo ambao haukuuzwa kama singo haukuruhusiwa kuingia katika chati hiyo, hata kama redio zote za Marekani zingeupiga kutwa. Kampuni za kurekodi nazo zilikuwa zimekwishapiga hesabu zao: mnunuzi akishapata wimbo mmoja anaoupenda kwa dola chache, huenda asione haja ya kununua albamu nzima kwa zaidi ya dola 10. Basi zikawa zinaupeleka wimbo redioni, zinaacha watu wauzoee hadi waugue kwa kuutaka, kisha zinawaambia kuwa unapatikana ndani ya albamu tu. "Don't Speak" uliongoza orodha ya nyimbo zilizopigwa zaidi redioni kwa wiki 16, huku katika chati kuu jina lake halionekani. Natalie Imbruglia naye alishika usukani wa orodha hiyo ya redio kwa wiki 11 kwa wimbo wa "Torn", na kanuni ilipokuja kubadilishwa wimbo ulikuwa umeshachuja, ukaambulia nafasi ya 42.

Mfano unaonishangaza zaidi ni ule wa kundi la The Fugees. Wimbo wao wa "Killing Me Softly" haukutolewa kama singo ya kuuzwa Marekani, kwa hiyo katika Hot 100 hauna historia. Lakini Uingereza, ambako uliuzwa madukani, ulishika namba moja na kuwa singo iliyouzwa kuliko zote mwaka 1996. Sauti ya Lauryn Hill, mwimbaji wao, ilikuwa ni ile ile pande zote mbili za bahari, na tofauti ilikuwa ni uamuzi wa mfanyabiashara tu.

Ni haki kusema kwamba chati ya miaka ya tisini ilikuwa na uaminifu ambao ile ya zamani haikuwa nao. Hapo awali jarida liliwauliza wenye maduka na vituo vya redio ni nyimbo zipi zinazofanya vizuri, na mtu anayeulizwa huweza kujibu apendavyo. Kuanzia toleo la tarehe 30 Novemba 1991, mauzo yalihesabiwa kwa kompyuta pale pale kwenye mashine ya kulipia, na redio zikafuatiliwa kwa mitambo. Matokeo yake yalikuwa kwamba nyimbo zilizofika juu hazikushuka. Kundi la Boyz II Men lilikaa kileleni wiki 13 mwaka 1992 kwa "End of the Road". Kabla mwaka haujaisha Whitney Houston akaanza wiki zake 14 za "I Will Always Love You". Mwaka 1994 Boyz II Men wakarudi na wiki 14 nyingine, na walipoondolewa kileleni, aliyewaondoa ni wao wenyewe kwa wimbo wao mwingine. Kisha wakaungana na Mariah Carey katika "One Sweet Day", uliokaa wiki 16 kuanzia mwishoni mwa 1995. Mwaka mzima wa 1996 nyimbo zilizoshika namba moja zilikuwa 9 tu.

Kwa maoni yangu, "One Sweet Day" ni wimbo mzuri wa msibani, lakini sijawahi kukutana na mtu aliyeuomba upigwe mara ya pili. Wa Whitney ni jambo jingine. Dolly Parton aliuandika na kuuimba kwa upole miaka ya sabini. Whitney akauanza bila ala yoyote kwa zaidi ya nusu dakika, na karibu na mwisho akaacha kimya kifupi, likaja pigo moja la ngoma, sauti ikapanda. Mimi niliurekodi kutoka redioni, na mtangazaji akazungumza juu ya mwanzo wote ule, akiwasalimia wasikilizaji wake mtaa kwa mtaa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba wimbo unaanzia pale ala zinapoingia, na hadi leo nikiusikia mzima naona kama mtu ameuongezea utangulizi.

Sisi tuliokuwa Dar es Salaam hatukuwa na singo ya kununua, kwa hiyo kanuni ya Billboard haikutugusa. Tulikuwa na vibanda vya kurekodi kaseti. Ulikwenda na kaseti tupu ya dakika 90 pamoja na karatasi uliyoandika nyimbo unazozitaka, ukalipa, ukaambiwa urudi kesho kutwa. Kaka wa kibanda cha mtaani kwetu alizitundika karatasi za wateja kwenye msumari, na aliyesimama dirishani akisubiri zamu yake aliweza kuzisoma. Mwaka 1997 niliona "Don't Speak" katika karatasi baada ya karatasi, umeandikwa kwa tahajia za kila aina, na mmoja alikuwa ameandika tu "ule wa yule dada wa nywele nyeupe". Kwangu mimi, chati ya kweli ya mwaka ule ilikuwa pale msumarini.

Kaseti yangu ninayo bado. Upande B unaanza na "Don't Speak", na ukiisha unafuata "Don't Speak" tena, kwa sababu nilimlipa yule kaka auweke mara mbili mfululizo, ili nisilazimike kurudisha mkanda nyuma kwa kuuzungusha na kalamu kila nilipotaka kuokoa betri.