Kiingereza Kifundishwe kwa Virai, Kisikaririshwe Neno kwa Neno

Hapa Tanga, mtoto anayemaliza darasa la saba katika shule ya kawaida ya serikali amesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, biolojia na jiografia anazikuta kwa Kiingereza. Wazazi wengi ninaozungumza nao kule Ngamiani na Chumbageni wanaamini kinachomkwamisha ni uhaba wa msamiati. Basi wananunua kamusi, na tuisheni nayo inampa orodha ya maneno ya kukariri. Mimi sikubaliani nao. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mtoto huyu hajaonyeshwa jinsi Kiingereza kinavyofunga maneno kuwa virai, yaani mafungu ya maneno yanayofanya kazi pamoja, na virai kuwa sentensi.

Chukua maneno manne ya somo la biolojia: “white blood cell count”. Yote yamo kwenye kamusi. Lakini mtoto akiyafasiri kwa mfuatano wake atafikiri anaulizwa habari za damu nyeupe, na damu ya binadamu haina weupe huo. Neno kuu liko mwisho kabisa: “count”, yaani idadi. Idadi ya nini? Ya “cell”, chembe. “Blood” inashikana kwanza na “cell”, kisha “white” inalieleza fungu hilo zima, na ndipo tunapata idadi ya chembe nyeupe za damu. Tumeanza pale Kiingereza kilipomalizia. Ndivyo lugha yetu ilivyo: neno kuu hutangulia na mengine yakalifuata kwa upatanisho, vikapu vikubwa viwili vile. Kwa Kiingereza ni “those two big baskets”, vikapu vinakuja mwisho. Maelezo marefu yenye kihusishi, neno kama “from”, ndiyo yanayokaa nyuma ya neno kuu, kama “baskets from Pangani”, na hapo lugha hizi mbili zinakaribiana sana.

Kinachoniuma ni kuwa ujuzi wa virai mtoto anao tayari. Hakuna mtoto wa pwani atakayesema “bei ya vikapu vimepanda”. Anajua bila kufundishwa kwamba kilichopanda ni bei, hata kama vikapu ndivyo vilivyo karibu na kitenzi. Mtoto huyohuyo anaandika “the price of the baskets have risen”, anasahihishwa kwa wino mwekundu, na anaambiwa arudie kanuni ya umoja na wingi. Kanuni hiyo anaijua! Alichokosa ni kulitafuta neno kuu la kirai, “price”, akakiachia kitenzi kifuate nomino ya jirani. Mwalimu angemwomba aiseme sentensi kwa Kiswahili kwanza, kosa angeliona mwenyewe.

Badala yake tunampa fasili: kirai ni kundi la maneno lisilo na kiima na kiarifu. Fasili hii inaeleza kirai hakina nini, wala haisemi kinafanya kazi gani. Wanaisimu walishavuka hapo zamani. Mmarekani Leonard Bloomfield alieleza mwaka 1933 kwamba sentensi hugawanyika kwanza katika sehemu zake kubwa, kisha kila sehemu hugawanyika tena hadi chini kabisa. Mwaka 1957 Noam Chomsky aliziandika hatua hizo kama kanuni: sentensi ni kirai nomino (ambacho neno lake kuu ni nomino) na kirai kitenzi (ambacho neno lake kuu ni kitenzi), na ndani ya kirai kitenzi kinaweza kukaa kirai nomino kingine. Kwa kanuni chache za namna hiyo unaweza kuunda sentensi zisizo na idadi.

Darasani haya yote yanataka chaki na mabano ya kufungia virai tu. Andika “the old man from Muheza sells oranges”, mwache mwanafunzi aweke “he” mahali panapofaa, na ataona kwamba maneno yote matano ya mwanzo yanaondoka kwa pamoja. Hicho ndicho kirai, na amekigundua mwenyewe.

Kisha mpe “the boy saw the fisherman with a lamp”. Wavuvi wa dagaa wa pwani yetu hutoka na taa usiku, kwa hiyo picha haitamsumbua. Taa ni ya nani? Kirai “with a lamp” kikifungwa pamoja na “the fisherman”, ni mvuvi mwenye taa. Kikifungwa na kitenzi, mtoto ndiye aliyemmulika mvuvi kwa taa. Kiswahili kina “mwenye” na “kwa” vya kutenganisha maana hizo, ilhali Kiingereza kimeacha sentensi moja ibebe zote mbili, na tofauti inaonekana kwenye mabano peke yake. Maswali ya aina hii ndiyo ningependa kuyaona katika majaribio ya kidato cha kwanza, badala ya kumtaka mtoto aandike fasili ya kirai.