Kifaransa Niachieni Mimi

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Kifaransa nimekisoma kwa viboko. Basi siku nilipompeleka mama mkwe mgahawani hapa Chicago, nikaona kwenye menyu neno "entrée", nilimpokonya mke wangu menyu hapo hapo. "Kifaransa niachieni mimi."

Nikawapa somo. Neno linatoka kwenye "entrer", yaani kuingia. Ni kile chakula kidogo cha kufungulia mlango wa tumbo: vipande vitatu vya nyanya, jani moja, basi. Bei ya dola 26 ilinishtua, lakini nikajisemea ndiyo Marekani, hata jani linalipiwa kodi. Nikaagiza entrée tatu. Mlo wenyewe nikautafuta nisiuone. Juu kulikuwa na vitu vya kutafuna na bia, chini vitamutamu. Nikaona hawa watu wamechanganya mambo, nikaagiza entrée nyingine tatu ndiyo ziwe mlo.

Mhudumu aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikaona ananidharau. "Kabisa!"

Zikaja sahani sita kwa mpigo. Nusu kuku kalala juu ya viazi vya kuponda, mbavu za ng'ombe zimening'inia nje ya sahani, samaki wa kulisha ukoo. Meza haikutosha, ikavutwa ya jirani. Mama mkwe akatupia jicho mlangoni, kisha akaninong'oneza: "Mwanangu, wageni wengine wanafika saa ngapi?"

Mhudumu akanieleza kwa upole kwamba huku entrée ndiyo mlo wenyewe. Nikambishia, mimi niliyeandika imla miaka kumi!

Usiku, bili bado inaniwasha mfukoni, nikakaa kusoma. Kumbe kwenye karamu za mabwanyenye wa Ufaransa karne ya 18, entrée haikuwa jani. Ilikuwa chakula cha moto, mara nyingi nyama, kikija baada ya supu na kabla ya nyama ya kuoka. Karamu zilipopunguzwa, Wamarekani wakabaki na nyama, Wafaransa wakabaki na mlango. Hilo mwalimu hakuligusia, na viboko vyote vile.

Makombo tumeyala siku nne. Ya tano mke wangu akapika maharage. Mama mkwe akaitazama sahani yake, akanigeukia: "Mkwe, haya ni ya kuingilia, au tumeshafika ndani?"