Nilivyomwozesha Kijani kwa Buluu

Huku kwetu Mabatini, Mwanza, hatuulizani nyumba namba ngapi, tunaulizana jiwe gani. Mimi nimepanga chini ya jiwe lililokaa kama ng'ombe aliyelala, na mama mwenye nyumba anakaa juu yake, mgongoni kwa ng'ombe. Jiwe hilo ni zuri kwa kuanikia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na baya kwa mtandao wa simu. Ndani kwangu simu inaonyesha kijiti kimoja, tena kinakuja na kuondoka kama mgeni aliyeacha bodaboda ikimsubiri nje. Ukiwa na simu ya maana, unavaa viatu unapanda jiweni.

Ndiyo maana wapangaji wote tunachangia ruta moja, kile kisanduku cha kugawa intaneti, iliyo kwa mama mwenye nyumba, juu ya friji, imevishwa kitambaa cha kufuma. Kwangu unashuka waya wa mita kama 40, unapita kwenye ufa wa jiwe, unaingilia dirishani, unafika hadi mezani kwenye kompyuta yangu. Kile kiulimi cha plastiki kinacholia "tak" ukichomeka kilivunjika tangu Pasaka. Sikuhangaika. Nilisokomeza kijiti cha kuchokonolea meno pembeni, nikaongeza kingine, ikashika vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani.

Ilishika mno. Jumamosi moja Kulwa na Doto waliamua kucheza kuvutana kamba, na kamba waliyoiona ni ile. Konekta, kile kichwa cha plastiki cha waya, haikutoka kwenye kompyuta, waya ndio uliotoka kwenye konekta. Nikamkuta Doto kakaa chini, mkononi ana vinyuzi vinane vya rangi, anauliza, "Baba, hii ni nywele za nini?"

Siku nyingine ningecheka. Ila kesho yake, Jumapili saa 10 jioni, kulikuwa na kikao cha harusi ya shemeji yangu, mdogo wake mama Kulwa. Wanakamati wengine wako Magu, wengine Kahama, mmoja Dar es Salaam, kwa hiyo kikao kilipangwa kwa video. Mwenyekiti ni baba mkwe mwenyewe. Siku ya ahadi mkwilima, mume wa binti yao, hakosekani. Akikosekana, watasema amekimbia mchango.

Nikampigia fundi, kutoka juu ya jiwe. Akasema Jumapili ni 20,000.

"Mlipe," mke wangu akasema.

"Elfu ishirini kwa kichwa cha plastiki cha mia tano?"

"Baba Kulwa, mlipe."

Sikumlipa. Jumapili asubuhi nikashuka mjini hadi Makoroboi, nikanunua konekta 10 kwa 5,000, nikapanda daladala kurudi nyumbani nikijiona nimeshaokoa 15,000. Kifaa cha kubania, ile koleo wanayoiita krimpa, nilikiona nikakiulizia bei, nikakirudisha taratibu kilipokuwa. Nina bisibisi bapa nyumbani, nikajiambia. Nina na mchi.

Binti wa mpangaji wa pili anasomea umeme VETA, na ana testa: vijisanduku viwili vyenye taa nane nane, unachomeka kimoja kila ncha ya waya, taa zinawaka kwa zamu kuanzia ya 1 hadi ya 8. Nikamkuta anatoka kwenda kwaya.

"Shikamoo baba. Testa hii hapa. Mpangilio wa rangi unaujua lakini?"

"Marahaba. Mwanangu, mimi nimeanza kushika waya wewe hujazaliwa."

Ni kweli. Nilishika waya wa pasi mwaka 1998, ukanirusha hadi kwenye kabati.

Nikaketi kibarazani. Ndani ya ganda kuna jozi nne, kila jozi imejisokota: chungwa na nyeupe yenye mstari wa chungwa, kijani na nyeupe yake, buluu na nyeupe yake, kahawia na nyeupe yake. Mtu mwenye akili timamu akiona hivyo atapanga vipi? Kila mtu na mwenzake! Nikapanga: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, kijani, buluu-nyeupe, buluu, kahawia-nyeupe, kahawia. Ilipendeza kama sare za mafungu ya kwaya.

Halafu nikaanza kumenya kila kinyuzi kwa meno. Nilijua kabisa kwamba umeme haupiti kwenye plastiki, sasa pini za konekta zitagusaje shaba kama sijamenya? Nilimenya vinane, nikatema maganda ya rangi nane kibarazani, kuku wa jirani akaja kuonja akaenda zake. Konekta ya kwanza nikaiweka juu ya kinu, ncha ya bisibisi juu ya pini, nikagonga na mchi. Ikapasuka. Ya pili ikaruka, mpaka leo haijaonekana. Ya tatu nikaibana vizuri lakini shaba zilizo uchi ziligusana humo ndani, taa za testa zikawaka mbili mbili. Kila nikikosea nakata kipande, naanza upya. Konekta ya nne nilichoka kumenya, nikaingiza na maganda yake, nikagonga pini moja moja, polepole. Ikakubali! Sikujua kwa nini, wala sikuuliza.

Ila wakati huo waya haufiki tena mezani. Unaishia dirishani.

Nikapanda kwa mama mwenye nyumba na nusu nyingine ya testa. Alikuwa nje, anageuza michembe.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Unakuja kulipa kodi?"

"Hapana mayu, nakuja kupima waya."

Akarudi kwenye michembe yake. Nikachomeka, nikamwomba Kulwa akae chini dirishani anisomee taa kwa sauti, mimi niangalie za juu. Kulwa ana miaka sita, kuhesabu anajua, na leo alikuwa na furaha ya kupewa kazi. "Moja!" Kwangu moja. "Mbili!" Mbili. "Tatu!" Tatu. "Nne!" Kwangu ikawaka ya sita. "Tano!" Tano. "Sita!" Ya nne. Saba na nane sawa.

Hapo mtu mwingine angeshtuka. Ncha ya juu ilitengenezwa na mtu anayeijua kazi yake, imefanya kazi miaka miwili, leo haipatani na yangu. Nani kakosea? Nilifikiri kwa makini, nikaona aliyekosea ni yule.

Nikatoa kisu.

"Unakata kitu kizima?" mama mwenye nyumba akauliza akiwa mlangoni.

"Nakilinganisha na kibovu, mayu." Ulimi uliteleza; nilitaka kusema na kipya.

Nikapanga ncha ya juu vilevile kama ya chini, kila mtu na mwenzake, nikagongea kwenye kizingiti chake. Konekta mbili zikafa, ya tatu ikashika. Nikapima. Kulwa akaanza: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, na kwangu zikawaka moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, mstari umenyooka kama gwaride la Uhuru. Niliruka. Nikashuka jiweni nikiimba. Mke wangu akaniangalia, akasema tutaona saa kumi.

Saa kumi kompyuta ilikuwa imekaa kwenye kizingiti cha dirisha, mimi nimesimama nje kidogo nimevaa shati la kanisani na kaptura, maana kamera inaonyesha juu tu. Taa ya ruta, mke wangu akaniarifu kutoka juu, inawaka. Kikao kikafunguka. Baba mkwe akatokea, akafungua kinywa kuomba dua, akabaki hivyo hivyo, kinywa wazi, kama sato kwenye barafu. Baada ya dakika nzima nikasikia "Amina."

Mambo yakaenda hivyo. Sura zinaganda, zinaruka, sauti zinakuja vipande. Shemeji wa Kahama akaahidi laki tano; hiyo niliisikia yote, maana habari mbaya hazina shida ya mtandao. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimefanya mazoezi. Nikasema, kwa heshima, maneno haya:

"Wazee wangu, kwa hali ya mwezi huu siwezi kabisa kuahidi laki tano kama shemeji wa Kahama. Nitatoa elfu hamsini kwa kuanzia."

Skrini ikaganda. Niliona mikono ya baba mkwe imeinuliwa, sikujua anapiga makofi au ananifukuza. Kisha kikao chote kikapotea.

Nilivaa viatu, nikapanda jiweni na simu. Mtandao ulipokubali, ujumbe ukaanza kumiminika kwenye kundi la familia. Wa kwanza wa mama mkwe: "Mungu akuzidishie mkwilima wetu." Wa pili wa shemeji wa Kahama: "Safi sana, tumelingana." Wa tatu wa katibu, orodha kamili, na namba 7 ikisomeka: Baba Kulwa, 500,000.

Nikampigia katibu kwa sauti ya upole. Akanieleza kwamba mtandao ulikuwa unakatakata, lakini la muhimu walilisikia. Walichosikia Magu kilikuwa: "Wazee wangu... mwezi huu... kuahidi laki tano... nitatoa." Baba mkwe alisimama na kupiga makofi. Alisema hakutegemea.

Binti wa kwaya alirudi jioni kufuata testa yake. Nikamweleza kwa uchungu kwamba taa zote nane zinawaka, kwa zamu, na intaneti bado inatambaa. Akaangalia konekta yangu kwa kuipandisha kwenye mwanga, akauma mdomo wake wa chini kwa adabu.

"Baba, testa inajua kwamba waya umefika tu. Haijui amefika na nani." Akachora kwenye ukuta kwa mkaa. "Humu mwendo unabebwa na pini nne: 1 na 2, 3 na 6. Wa tatu na wa sita ndio mke na mume. Kwenye mpangilio wa rangi unaoitwa B, kijani-nyeupe anakaa namba 3, halafu anapishwa buluu na mwenzake katikati, namba 4 na 5, ndipo kijani anakaa 6. Wamesokotwa pamoja ili kelele ya umeme ikiwapiga, iwapige wote wawili sawasawa, ruta ijue kuitoa. Wewe umemkalisha kijani namba 4 asiko na kazi, ukamwozesha mke wake kwa buluu ambaye hawajasokotana naye hata mara moja. Mita chache wangevumiliana. Mita 40, wanagombana njia nzima."

"Na meno?" nikauliza. "Kumenya?"

"Humenyi, baba. Zile pini zina meno yake."

Alikuja na krimpa ya kuazima. Ncha ya chini, ncha ya juu, dakika kumi na tano pamoja na kumsalimia mama mwenye nyumba, ambaye alimpa michembe kwa kazi nzuri na mimi akaniuliza tena kodi. Konekta zilizobaki zilikuwa tatu. Alitumia mbili na kunirudishia moja. Akaomba 5,000. Nikalipa 10,000, sijui nilikuwa namshukuru au najiadhibu.

Usiku huohuo mke wangu akampigia baba yake kwa video tujaribu. Picha ikaja safi kiasi cha kuona mbu kwenye chandarua cha mzee kule Magu. Nikajua ndiyo nafasi yangu. Ilikuwa ya kusema tu: baba, kulikuwa na tatizo la waya, neno "siwezi" lilipotelea njiani.

"Mkwilima!" mzee akasema. Alikuwa amekaa na wazee wenzake watatu, amewageuzia simu wanione. "Ndiye huyu niliyekuwa nawaambia. Hebu rudia, hawa hawakuwepo."

Nikafungua kinywa. Chini ya dirisha, mke wangu alikuwa amenikanyaga kidole gumba, na hakuwa na haraka ya kuondoa mguu.

"Laki tano, mzee," nikasema.

Ilifika yote. Haikukatika hata herufi moja.